Mshika Chembe

Mzee wa leza huvua viatu mlangoni kabla ya kuingia maabara. Anasema hatua nzito hutikisa meza, na meza ikitikisika chembe hutoroka. Mwenzake wa meza ya pili alimcheka mwanzoni, kisha naye akajikuta ananyata. Mzee huyu wa leza husokota mwanga kama wengine wanavyosokota kamba, hadi uwe pete yenye giza katikati. Chembe ya kioo, ambayo bila hadubini huioni hata utoe macho, hunaswa kwenye pete ile ikaanza kuizunguka. Hapo huinong'oneza kana kwamba ni mtoto anayejifunza kutembea: "Haya mama, taratibu." Vidole vyake vinene huzungusha kitufe kama anayemtoa mtu kibanzi jichoni.

Siku ile simu ilipolia, hata mwenzake alimsikia binti wa mzee: "Baba, bibi ameanguka, haongei."

"Nakuja, mwanangu," akajibu, kwa sauti ileile ya kila siku. Kisha akainamia tena hadubini, akaanza kuishusha chembe kidogo kidogo.

"Zima tu, mzee wangu, uende kwa mama," mwenzake akamwambia. "Itaanguka yenyewe."

"Haitaanguka. Nimeishika mimi."

Alipoituliza kwenye kipande cha kioo chini ya hadubini, akafifisha mwanga hadi ukaisha, akakunja koti lake, akaaga, akafunga mlango polepole. Mwenzake akatikisa kichwa: moyo wa jiwe, huyu. Jioni, akitoka, nusura ajikwae. Viatu vya mzee vilikuwa bado pale mlangoni, vimepangwa vizuri, vimeelekea nje.