Mtihani wa Mashine ya Baba

Baba yangu ni fundi wa friji, na haamini kitu chochote asichoweza kukifungua akaona ndani. Daktari akimwandikia dawa, anaenda kumuuliza daktari wa pili. Fundi mwenzake akimsifu, anarudi nyumbani akijiuliza yule anataka nini. Mimi mwanawe wa pekee nimeshamulikwa tochi usoni nikitoka chooni, eti ahakikishe ni mimi.

Kitu kimoja tu anakiamini, nacho ni mashine ya mchezo iliyoko chumba cha uani. Ni kabati refu la mbao lenye kioo, kijiti cha kuongozea na kitufe kimoja chekundu. Aliinunua siku ukumbi wa michezo wa ujana wake ulipofungwa. Kwenye kioo kuna kijindege kinachokwepa mawe yanayoanguka, basi, hakuna la zaidi. Mimi kinanichosha. Nilipomwonyesha mchezo wa kwenye simu yangu, wenye miji, farasi na sauti za watu, aliutazama kama mtu aliyeletewa nyama inayonuka.

"Si umekufa hapo?" aliuliza.

"Ndiyo, baba. Lakini unaendelea palepale ulipoishia."

"Kwa nini?"

"Ndivyo ulivyo tu."

"Mchezo unaokufufua bure una jambo lake, mwanangu. Na huo mbona unakuuliza jina? Mashine yangu haijawahi kuniuliza jina. Nikikosea nakufa, nikifa naanza upya, hatudaiani."

Basi nilipomleta mchumba wangu, kinyozi wa mtaa wa pili, nilijua yatakayomkuta. Baba hakumuuliza kwao wala mipango yake. Kwake yeye mtu humjui kwa maneno. Unamsimamisha mbele ya mashine, unamwangalia anavyokufa. Mwenye hasira atapiga kioo, mwongo atasingizia kijiti. Mume wa binamu yangu alisingizia kijiti, na mpaka leo baba anamwitikia salamu kwa kukohoa.

"Kinyozi anajua siri za mtaa mzima," aliniambia pembeni. "Anayejua siri za watu hakosi zake."

Nilimpenda sana yule kijana. Baba akikataa ndiyo basi tena, maana mimi si wa kuolewa kwa kutoroka. Jumapili mchana baba akavua ufunguo shingoni, akafungua chumba, tukaingia. Mama, ambaye ni mshonaji, alikuja na gauni la mteja, akakaa mlangoni akiendelea kupinda pindo.

Kinyozi akashika kijiti. Akakwepa mawe ya kwanza, akakwepa ya pili. Kisha kijindege kikakwama upande wa kushoto, naye, bila hata kutazama chini, akaigonga mashine ubavuni kwa goti. Kijindege kikaachia, kikaruka. Nilitaka kupiga makofi, lakini baba alishachomoa waya ukutani.

"Hilo goti nani kakufundisha?"

Kinyozi akainamisha macho kwenye kijiti.

"Mashine hii inakwama palepale miaka yote, na dawa yake ni goti. Naijua mimi peke yangu, na ufunguo nalala nao. Umeingiaje humu, kijana?" Akanigeukia. "Kikulacho ki nguoni mwako. Ni wewe!"

"Haki ya Mungu, baba, si mimi!"

Nilisema kweli. Kilichoniuma zaidi ni kwamba hata mimi nilianza kumshuku mchumba wangu. Ananificha nini? Na mbona haniangalii usoni?

"Ni mimi," mama akasema, sindano mkononi.

Tukamgeukia wote.

"Nina ufunguo mwingine. Ukienda kwenye mafriji yako, mimi namwita. Anayetaka kumuoa mwanangu nimjue kwa kusimuliwa? Nimemchezesha mpaka vidole vikaota sugu. Kafa mbele yangu kila aina ya kifo, hajatukana, hajasingizia kitu. Nikamwonya kwamba akifungua mdomo, hata kwa huyu binti, asahau harusi."

Baba hayo yote yalimpita. "Wewe goti umelijulia wapi?"

"Kwa kucheza. Nacheza tangu uilete."

"Tangu niilete?" Sauti ilimpungua. "Na hukuniambia? Mimi humu ndani nacheza peke yangu kama mwehu!"

"Ulifunga mlango, mume wangu. Nikajua hutaki mtu."

Hasira za baba nimeziona, shaka zake nimezizoea, lakini aibu sikuwahi kuiona usoni mwake. Nilimwonea huruma mpaka nikasahau shida yangu. Aliinama, akachomeka waya, kioo kikawaka. Kinyozi bado alikuwa ameshika kijiti, hajui abaki au akimbie.

"Na wewe," baba akamwambia bila kumtazama, "sogea hapo. Mpishe mama mkwe wako."