Mchina Aliyemtazama Mama

Nilisoma Uchina miaka sita, nikarudi Maskati na kazi ya ukalimani na simu isiyonyamaza. Ndiyo maana nilikabidhiwa mchoraji mmoja mzee wa Kichina, mgeni wa miezi miwili, aliyepanga chumba mtaa wa Sidab.

Ujana wake uliishia mashambani alikopelekwa kwa nguvu kuchimba mitaro, akichora kwa mkaa juu ya mifuko ya saruji. Labda ndiko alikotoa ule ukaidi. Penseli hakuwa nayo, kifutio hakukitaka. Alikitazama kitu asubuhi nzima bila kugusa karatasi, kisha akaenda chumbani kwake kukichora kwa wino, mara moja. Asichokiona vizuri hakukichora, hata umpigie magoti.

Nilimwomba amchore mama. Mama hakutaka kabisa kupigwa picha na simu zetu. Tulikuwa na ile ya kitambulisho tu, kanuna kama kaonewa. Kwa mzee huyu alikubali, akajifunga kanga mpya.

"Mwambie asinitie mikunjo," alisema. "Na wewe kaa hapa hapa, mwanangu. Mie nnaona haya na mgeni."

Nikakaa. Simu ikalia, nikatoka uani. Nikarudi, ikalia tena: ofisini walikuwa na wageni wengine, wamekwama bandarini. Asubuhi yote ikaenda hivyo.

Wiki ile ile mama akafariki ghafla, baada ya sala ya alasiri. Siku ya tatu ya matanga mchoraji alikuja na karatasi yake kwapani. Niliikunjua upesi, maana uso ule niliutaka kuliko kitu chochote duniani.

Kilikuwa kisogo. Kanga, shingo, sikio moja, na kisogo cha mama. Nikamfokea kwa Kichina mbele za watu: mzee mzima, huna haya? Nimekupa mama, unaniletea mgongo? Rudi ukachore uso!

Hakukasirika. Alisema uso hakuuona vya kutosha kuuchora.

"Kila ulipotoka aligeukia mlangoni," alisema. "Na wewe ulikuwa nje karibu muda wote."

Dada yangu, aliyesikia makelele, akatoka ndani kuniuliza mgeni anasema nini.

Nikamwambia anatupa pole.