Aliyefanya Kazi ya Biva Kijitoni

Msomaji wangu, juzi nilimzika rafiki kwa simu. Korona imemchukua, na kwa kuwa kanisani waliruhusiwa watu kumi tu, sisi wengine tulimuaga tukiwa sebuleni, soksi miguuni. Angetucheka sana. Alikuwa Mrundi kama mimi, dereva wa foklifti, gari la kuinulia mizigo, katika ghala moja huko Wetherill Park. Kila Jumamosi alivaa buti za mpira na kuingia katika kijito kilicho nyuma ya nyumba zetu, Quakers Hill, kitongoji chetu huku ugenini. Kwa kibali cha halmashauri, alipanga magogo, matawi na mawe kukatiza mkondo wa maji. Alimwiga biva, mnyama wa nchi za baridi mwenye mkia bapa, ambaye hujenga vizuizi mitoni. Maji yakipungua mbio, alinieleza, tope hutua, kingo hulowa, majani huota na vyura hurudi. “Hapa biva hawapo, Mzee,” alisema. “Kazi yao nimeajiriwa mimi, bila mshahara.”

Mimi sikumsikiliza. Katika kambi ya wakimbizi Tanzania nilikuwa msimamizi wa usafi, na kwa miaka mingi nilizibua mifereji, maana maji yaliyotuama yalituletea malaria na tukazika watoto. Basi Jumamosi moja, yeye akiwa zamu ghalani, nikakusanya wanaume watatu wa kanisa, tukang'oa kila kijiti. Nikapiga picha, nikaituma kwenye kundi la WhatsApp la kanisa. Jibu lake halikuchelewa: “Asante, Mzee. Umebomoa nyumba yangu, na ushahidi umeuleta mwenyewe.”

Wiki iliyofuata mvua ilinyesha. Maji yakapita kwa kasi, yakala ukingo, yakabeba miche yote aliyokuwa ameipanda kandokando. Tulipokutana baada ya ibada nilijitetea mbele ya watu: “Mvua ilikuwa kubwa mno, ndugu yangu.”

“Kubwa kweli,” akajibu. “Na wewe ni mtu mkubwa. Mmesaidiana.”

Watu wakacheka, nami nikacheka nao, nikaona yamekwisha. Akaanza upya, peke yake. Kila Jumamosi nilimwona nikiwa dirishani kwangu, nikajiambia nitashuka kumsaidia na kumwomba radhi. Kisha akaugua. Baada ya mazishi mjane wake alinipigia, akasema mumewe alikuwa ameninunulia buti, saizi yangu, akisubiri siku nitakayoona aibu ya kutosha.

Basi naandika nilichopaswa kumwambia usoni: haikuwa mvua, ni mimi. Ujuzi uliotuokoa kambini haukuwa ujuzi wa kijito hiki, na sikuuliza. Tuliohamia ugenini tuulize kabla ya kusafisha. Na tukikosea, tuombe radhi siku hiyohiyo, wakati tuliyemkosea bado ana pumzi ya kutucheka.