Mkeka wa Sekela

Nakumbuka hata leo harufu ya asubuhi ile, mwanangu: moshi wa kuni mbichi, matope, na uji wa mahindi ulioanza kushika sufuria. Nilikuwa mbali na nyumbani, ng'ambo kwa Waingereza, katika mji wa Blantaya, na siku hiyo niliamka nikiimba. Laiti ningeamka na homa.

Nasikia unafunga mzigo, unakwenda kuwahudumia maskini wa mjini. Nimefurahi, usidhani sikufurahi. Lakini na mimi nilifunga mzigo hivyo hivyo nikiwa kijana, Mjerumani akiwa bado anatutawala huku Kyela. Shule yangu ilikuwa ndogo: kusoma Biblia na kuandika jina langu vizuri, basi. Ndoto ndizo zilikuwa nyingi kuliko nguo. Nikavuka mto Songwe, nikapanda meli kule Karonga, na njia nzima nilijiona nimezungukwa na waongofu wapya wanaolia kwa furaha.

Misheni ilinipeleka niwe mwalimu wa dini katika mtaa wa wapagazi, vibanda vya nyasi na magunia kando ya kijito. Humo nikawakuta watu wa kwetu. Ambakisye, kijana wa Ikolo, alikuwa akibeba mizigo ya Wazungu. Mkewe Sekela alikuwa akifua nguo za watu. Tena alikuwepo baba yake Ambakisye, mzee Mwangoka, aliyewafuata huko baada ya sotoka kumaliza ng'ombe wake wote. Kijana na mkewe walikuwa wamebatizwa. Mzee bado, ila alikuwa anasikiliza.

Sasa wewe ni wa huku, unajua. Kwetu mke wa mtoto hamtazami baba mkwe, hamtaji jina, wala hapiti mbele yake. Nyumbani si taabu: mzee ana nyumba yake, migomba iko katikati, na mkwe akisikia kikohozi chake anapinda njia. Kule Blantaya walikuwa na chumba kimoja. Basi Sekela alisuka mkeka wa matete, akautundika katikati, toka ukuta hadi ukuta. Mzee akatobolewa mlango wake mdogo kwa nyuma. Chakula kilipita chini ya mkeka. Na wakitaka kusemezana, walimtuma kuku.

Usicheke. Walikuwa na kuku mmoja mwekundu aliyekuwa anapita pande zote mbili apendavyo. Sekela husema, "We kuku, mwambie aliyelala huko asile haraka, uji una moto."

Na mzee kutoka upande wa pili: "We kuku, mwambie anayepika, ndaga fijo, nashukuru sana. Na mwambie leo chumvi ameisahau."

Ambakisye alikuwa anacheka mpaka anashika mbavu. Mtaa mzima haukuwa na nyumba yenye furaha kama ile, nami nikaiona ni nyumba ya giza.

Basi Jumapili ile niliyoamka nikiimba, watu wakajaa mlangoni pao, wa makabila mengi, kunisikiliza. Nikasoma habari ya pazia la hekalu lililopasuka Yesu alipokufa. Moyo ukanijaa. Nikaona mfano ninao mbele ya macho yangu kabisa, nikaushika ule mkeka, nikauvuta. Ukaanguka na vumbi lake.

Sekela alijitupa chini akajifunika uso. Mzee, aliyekuwa ameketi anakunywa uji, akageukia ukuta na bakuli lake mkononi. Wageni wakapiga makofi, maana hawakujua. Mimi niliyejua, mwanangu, ndimi niliyesema, "Dada Sekela, inuka. Katika Kristo huyu ni baba yako. Mpe mkono."

"Mwalimu, niache," akasema chini kwa chini.

"Inuka, dada."

Akainuka. Aliniheshimu, na hilo ndilo linaloniuma. Akanyoosha mkono, vidole vimekunjamana kwa maji ya kufulia. Mzee hakuupokea. Alimtafuta kuku kwa macho, akamwambia, "We kuku, waambie mimi natoka kidogo."

Akatoka kwa mlango wake mdogo. Hakurudi.

Ambakisye alimkuta sokoni, chini ya banda la wauza ndizi. Yalikuwa majira ya manyunyu ya baridi ya kule, yale yasiyokatika. Tukaenda wote wawili kumbembeleza. Ambakisye akamwambia mkeka umekwisha kutundikwa.

"Umeurudisha, mwanangu, nimesikia," mzee akasema. "Lakini mimi nimeshaonwa."

Nikapiga magoti. Akaniwekea mkono kichwani, akasema, "Wewe bado mtoto," kwa upole kabisa, kama baba. Ila hakuinuka. Kifua kikambana palepale sokoni, na hakukaa sana. Tulimzika ugenini, bila migomba, bila ngoma za kwao.

Tulipotoka makaburini Ambakisye aliniambia, "Mwalimu, tulikuwa na chumba kimoja. Mkeka ule ndio uliotufanyia viwili." Heri angenitukana.

Siku ya kurudi nyumbani nilikwenda kuwaaga. Mkeka ulikuwa bado umetundikwa, ingawa upande wa pili hapakuwa na mtu. Sekela alikuwa nyuma yake. Nikapiga hodi, nikasema naondoka. Kisha nikamsikia: "We kuku, mwambie mwalimu njia iwe njema."

Mpaka leo sijui kama ile ilikuwa heshima, au alikuwa amenifungia mlango. Nimezeeka nikiyageuza maneno yale kichwani, nikipalilia mpunga wangu hapa Makwale.

Kwa hiyo, mwanangu, ukifika huko, kaa kwanza. Kula wanachokupa. Katika nyumba ya maskini utaona kitu kinachokukera, gunia limetundikwa vibaya, kamba imekatiza njia. Usikiguse. Uliza kinawafanyia kazi gani, na jibu ulisikilize mpaka mwisho, hata kama unalijua, maana mimi nilikuwa nalijua. Na ukiona mtu anakutii upesi, ogopa kidogo. Pengine hana pa kukukatalia. Neno ulilobeba halitaoza ukingoja.

Haya, nenda. Mungu akutangulie kwenye vibanda vile, akupe ulimi mwepesi wa kuuliza na mkono mzito wa kugusa. Wakufungulie kwa hiari yao, mwanangu, na siku ya kuagana wakusemeshe wewe mwenyewe, si kuku. Amina.