Herufi Chini ya Chokaa

Kama uliwahi kununua mkate, kunyoa nywele au kuripoti wizi katika mji ule, basi ulisoma maandishi ya Fundi Brashi. Mwanamke huyo aliandika mabango ya nusu ya maduka, ya vinyozi wote wawili wa stendi, na hata ubao wa kituo cha polisi unaomtaka raia atoe taarifa bila woga. Jina alipewa na watoto wa mtaani, kwa sababu hata sokoni alikwenda na brashi imechomekwa kwenye kilemba. Alikuwa na miaka arobaini na sita, mdomo mkali, na kiburi kimoja tu maishani: herufi zake. G yake ilikuwa na mkia uliojikunja kwa ndani, na mtu akiisifu alijitia hakusikia, ili asifiwe tena.

Karakana yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya kiwanda cha mbao, makopo ya rangi yamepangwa hadi dirishani. Alifanya kazi na mdogo wake wa kiume, aliyepiga msasa, kuchanganya rangi na kunyoosha kamba ya chaki ukutani. Kuandika, hapana. Mdogo mtu akishika brashi, herufi zilitoka kama kuku waliofukuzwa jikoni, na dada yake alimcheka kwa hilo tangu utotoni.

Kisha wodi ya wazazi ya hospitali ya mji ikafungwa, eti ukarabati, na wanawake wakaanza kujifungulia kwenye benchi la mapokezi. Hapo ndipo alipoingia Laivu. Aliitwa hivyo kwa kuwa hakuweza kunywa hata chai bila kurusha matangazo ya moja kwa moja kwenye simu yake. Lakini alikuwa na ulimi, na alikusanya watu. Aliomba mabango arobaini ya maandamano, na Fundi Brashi akakubali kwa sharti moja: hakuna kupiga picha mabango kwa karibu. Yabebwe mara moja, na saa sita mchana yachomwe kwenye tanuri la kiwanda cha mbao. Laivu akaapa kwa mama yake mzazi.

Siku moja kabla ya maandamano, mabango yakiwa bado yanakauka, Laivu aliingia karakana na simu yake imetangulia. Fundi Brashi alikuwa amekwenda kununua tapentaini. Angekuwepo, simu ile ingeishia kwenye kopo la rangi nyeusi. Mdogo wake alijaribu kuziba kioo cha kamera kwa mkono, akaambiwa asiwe na wasiwasi. Laivu akaisogeza simu hadi G moja ikajaa skrini nzima, akawaambia watazamaji wake waone mkono wa fundi wao.

Tuseme ukweli, hata kama unakera. Video ile ilitazamwa na maelfu kwa maelfu, hata na watu wasioujua mji ule uko wapi, na baada ya siku tisa wodi ikafunguliwa, vitanda na magodoro juu. Bila simu ile, mabango arobaini yangebaki kuwa vipande arobaini vya mbao. Fundi Brashi alilijua hilo na likamtia uchungu zaidi, maana kumchukia mtu aliyefanya jambo la maana ni kazi ngumu, na yeye alikuwa na nia ya kuifanya vizuri.

Polisi nao wana simu. Mkuu wa kituo alitazama skrini, akainua macho akatazama ubao wa ofisi yake mwenyewe, akaita gari. Walimkuta Fundi Brashi na brashi mkononi. Kabla hajafungua mdomo, mdogo wake akasimama mbele yake.

"Herufi ni zangu," alisema. "Dada anachanganya rangi tu."

Wakamwamini papo hapo. Kwa wanaume wale ilikuwa rahisi kuamini kwamba mwanamke kazi yake ni kukoroga. Dada alitaka kukanusha, lakini mdogo wake alimkanyaga mguu kwa nguvu, naye akaitumbukiza brashi koponi, akakoroga rangi. Kijana akahukumiwa miaka miwili kwa uchochezi.

Tangu siku hiyo Fundi Brashi aliandika vibaya makusudi. Herufi za pembe nne, zimelala, hazina mkia wala haya, ili mtu asije akagundua kwamba mkono wenyewe uko nje. Wateja walisema amezeeka, na wengine wakahama. Alimeza yote. Kila Jumapili ya pili alipeleka sabuni gerezani.

Na Laivu? Hakutia mguu gerezani hata siku moja. Lakini kwenye kurasa zake kijana yule aliitwa shujaa wetu, picha yake imebandikwa kando ya uso wa Laivu, na wafuasi wakaongezeka hadi bwana akavimba kichwa, akagombea udiwani. Ilipobaki miezi mitatu mfungwa atoke, Laivu alikuja karakana akitabasamu, akaomba dada wa shujaa amchoree tangazo la kampeni kwenye ukuta mrefu wa stendi. Alitaka pia wapigwe picha pamoja. Damu ilimchemka Fundi Brashi hadi masikioni, kisha akatabasamu naye, akajiweka sawa kwa picha.

Alitundika turubai mbele ya ukuta, kuzuia vumbi, alivyosema. Siku ya kwanza aliandika kwa rangi nyeusi ya mafuta, ile inayong'aa. Siku ya pili ilipokauka, akaifunika kwa chokaa. Fundi yeyote anajua chokaa haishiki juu ya rangi ya mafuta. Inangoja mvua tu. Siku ya tatu, juu ya chokaa, akachora uso wa Laivu na ahadi zake kwa herufi mbaya za pembe nne. Mgombea akashukuru, akarusha matangazo mbele yake.

Mvua ilinyesha mchana, siku mbili kabla ya kura. Watu waliojibanza kwenye kibaraza cha ng'ambo waliona pua ya Laivu ikiteremka, kisha mdomo, kisha ahadi. Chini yake kukatokea maneno makubwa, meusi, yaliyonyooka: HUYU ALITUPIGA PICHA. MDOGO WANGU AKAFUNGWA. HAJAENDA KUMWONA HATA SIKU MOJA.

Simu zote zikainuliwa. Hadi jioni mji mzima ulikuwa umeona. Fundi Brashi alikaa karakana akisoma matusi aliyotukanwa Laivu, moja baada ya jingine, akifurahia kama mtu anayekula njugu. Kwenye kura Laivu aliambulia patupu. Roho ya Fundi Brashi ikatulia kwa siku nne.

Siku ya tano alikuja mkuu wa kituo, peke yake, bila hasira. Akamwonyesha picha ya ukuta.

"Mdogo wako yuko ndani mwaka wa pili," alisema. "Hizi G nne ameziandika lini?"

Jumapili iliyofuata Fundi Brashi, akiwa nje kwa dhamana, alikaa mbele ya wavu wa gereza. Mdogo wake alikuwa amefunguliwa kesi mpya ya kuwadanganya polisi; kutoka kulifutika. Dada alianza kueleza jinsi Laivu alivyoaibishwa, jinsi anavyopita uchochoroni sasa. Alieleza kwa haraka, maana mdogo wake alikuwa akimtazama tu.

"Wamenionyesha ule ukuta," alisema mdogo mtu. "Uliandika vizuri sana, dada. Kwa nini hukuandika vibaya?"

"Nilitaka ajue ni mimi."

Mdogo wake alishika wavu kwa vidole viwili.

"Angejua tu," alisema. "Nani mwingine mjini ana mdogo wake humu?"