Mota ya Jiko Linalojilisha

Mimi si mtu wa kutulia. Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa na sisimizi kwenye nyayo, na hata leo, nikikaa kunywa chai, mguu mmoja huwa tayari umeelekea mlangoni. Kwa hiyo jiko letu la kuchomea nyama lilipokufa, aliyeugua zaidi ni mimi.

Tulilinunua kwa mhandisi wa kigeni aliyekuwa anarudi kwao, akiuza kila kitu mpaka mapazia. Jiko kubwa jeusi la chuma, lenye sanduku ubavuni. Ndani ya sanduku unamimina punje za mbao, yaani unga wa mbao ulioshindiliwa hadi ukawa vipande vidogo kama chakula cha kuku. Chini yake umelala mtalimbo uliosokotwa kama parafujo. Mota ndogo ya umeme inauzungusha polepole, nao unasukuma punje chache chache hadi kwenye moto. Unawasha, unaweka nyama, unafunga kifuniko, basi. Hapa Dilala, mtaa wetu wa Kolwezi, ambako kila mama anayeuza michopo, yaani nyama ya kuchoma, ana macho mekundu kwa moshi, watu walikuja kwanza kulishangaa, nyama ya mbuzi wakanunua baadaye.

Lakini sikulinunua ili watu walishangae. Nililinunua kwa ajili ya mume wangu.

Mume wangu alikuwa mchimbaji kule Mutoshi. Si wa kampuni, wa shimo; mmoja wa wale wanaoshuka kwa kamba, tochi kichwani, kutafuta shaba na kobalti. Msimu mmoja wa mvua shimo lao liliporomoka na mdogo wake akiwa ndani. Yeye alikuwa amepanda juu kunywa maji. Nilipomwona anaingia uani akiwa mzima, na udongo masikioni, niliapa kwamba huko harudi tena. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kama kazi ya nyama inatembea, mi sitarudia kule."

Hilo neno "kama" ndilo lililoninyima raha. Nyama ikitembea, mume wangu anabaki juu ya ardhi. Nyama ikisimama, anashuka. Kila asubuhi niliamka na hofu hiyo, nikalala nayo.

Kwa muda mambo yalikwenda vizuri. Halafu magunia ya punje aliyotuachia yule mhandisi yakaisha, na hapo tukafanya kosa ambalo nadhani mtu wa Kolwezi tu ndiye angelifanya. Tulisema moto ni moto, na moto unakula makala, makaa ya miti. Mimi nimelelewa kwa makala, na mama yangu vilevile. Tangu lini makala yakashindwa kuivisha nyama? Tukayaponda kwenye kinu cha kutwangia sombe, yale majani ya muhogo, tukayamwaga sandukuni. Majirani walicheka na kupiga makofi, na mimi nilijiona mjanja kuliko wote waliotengeneza lile jiko.

Sasa, makala yetu yanatoka Mutshatsha, na kila mtu anajua gunia la makala lilivyo. Juu makala mazuri, makubwa. Chini udongo na vijiwe, maana muuzaji naye ana watoto wa kulisha. Kwenye mbabula, jiko la kawaida, hilo si neno, unaokota kijiwe unatupa. Kwenye parafujo, kila kijiwe ni vita. Mota ilianza kulia kama mtu anayesaga meno usingizini. Mume wangu alisema tuipumzishe. Mimi nikasema wateja wanangoja. Siku moja, mapaja mawili ya mbuzi yakiwa bado motoni, ikanyamaza.

Niliifungua mwenyewe. Baba yangu alikuwa fundi umeme wa kampuni ya zamani ya migodi, na katika nyumba yetu bisibisi ilikaa karibu na vijiko. Ndani nilikuta meno ya vigurudumu yameliwa, laini kama ufizi wa mtoto mchanga. Hakukuwa na la kurekebisha hapo. Ilihitajika mota nyingine.

Punje tulizipata upesi kuliko nilivyotarajia: kuna bwana mwenye mashine ya kushindilia chakula cha kuku, naye alikubali kutushindilia unga wa mbao. Mota ndiyo haikuwepo. Nilizunguka soko zima na ile iliyokufa mfukoni. Mmoja alinionyesha mota ya feni, mwingine ya kufuta kioo cha gari, na zote zinakimbia mno. Hii yetu inatakiwa izunguke kwa uvivu, ipumzike, izunguke tena. Mwishowe nilimpigia shemeji yangu, anayeendesha lori la shaba hadi kusini. Akasema huko majiko hayo yapo, atanitafutia.

Tukaanza kungoja. Mimi na kungoja!

Wakati huohuo mume wangu, bila kuulizwa, aliketi juu ya kasha la bia mbele ya jiko, akatoa bamba la katikati ili afikie kitovu cha moto, akachukua kijiko kirefu cha chuma. Akaanza kulisha moto kwa mkono. Punje kidogo, anangoja, anasikiliza, punje kidogo tena. Alifanya hivyo kutwa nzima, siku zote zile. Moshi ulimpiga usoni, akafumba jicho moja, akaendelea.

Nyama nayo ilitoka ilivyotaka. "Mama, huku iko mubichi, na huku imeungua," mteja mmoja aliniambia, akiinua kipande mbele ya watu wote. Niliona haya mpaka kwenye kucha. Mume wangu alicheka tu, akamkatia kipande kingine.

Na alianza kuzungumza. Huyu ni mtu ambaye tangu shimo lile liporomoke alikuwa akijibu ndiyo na hapana. Pale kwenye kasha la bia, macho kwenye moto, alinisimulia mdogo wake alivyokuwa akiimba akishuka, ili walioko juu wajue amefika wapi. Alisema, "Aliacha kuimba, mi nikawaza eko anapumuzika." Nilikuwa ninakata vitunguu, nikashukuru kwamba ninakata vitunguu.

Ningekuwa mtu mwingine ningeelewa. Lakini mimi nilimwona mwanamume mzima ameinamia moto na kijiko, nikawaza: hivi ndivyo mtu anavyochoka, hivi ndivyo anavyolikumbuka shimo. Kila alipokohoa nilisikia Mutoshi. Nilimpigia shemeji asubuhi, nikampigia mchana. Akafika Kasumbalesa, akakwama kwenye foleni ya malori, nikamfokea kana kwamba mpaka ni wake.

"Mama," mume wangu aliniambia, "haraka haraka haina baraka. Moto iko nakula muzuri."

"Wewe ndiye unayeliwa," nikamjibu.

Mota ilifika imefungwa kwenye fulana kuukuu. Sikungoja hata shemeji amalize chai yake. Nilichomoa jiko kwenye umeme, nikamwaga punje zote, nikalilaza ubavu, nikafungua bamba la chini. Nyaya mbili, nikazitoa. Kuna boliti moja inayoishika parafujo kwenye mhimili wa mota. Ilikuwa imeganda kwa mafuta ya nyama na vumbi la makala, ikanila ngozi ya kidole kabla haijakubali. Nilichomoa parafujo yote, nikaikwangua kwa kisu, nikatoa vijiwe vya Mutshatsha vilivyojibana mle ndani. Halafu mota mpya. Tundu la boliti halikulingana, ikabidi niuzungushe mtalimbo kwa mkono, huku nikichungulia kwa tochi, huku nikitukana. Mume wangu alinishikia jiko lisiporomoke.

Tulipowasha, umeme ulikuwepo, jambo ambalo nalo si la kila siku. Mota ikaguna, ikazunguka. Punje zikasogea, zikadondoka. Ikapumzika, ikazunguka tena. Nilipiga kigelegele peke yangu pale uani, na shemeji akaja na kikombe mkononi kuona kuna arusi gani.

Jumamosi iliyofuata nyama ilitoka moja kama nyingine, laini ndani, kahawia nje. Watu walikula, wakaagiza tena. Mume wangu alisimama kando ya jiko na mikono imening'inia. Alifungua kifuniko, akakifunga. Akakifungua tena.

"Utalitoa joto," nikamwambia.

"Sasa mi, kazi yangu njo gani?"

"Ukae, upumuzike," nilisema, na nilisema kwa upendo, Mungu ni shahidi. Nilidhani ninampa zawadi. Alivuta lile kasha la bia hadi chini ya ukuta, akakaa, akawatazama watu wakila. Jioni ile alinijibu ndiyo na hapana.

Jumatatu asubuhi nilimkuta anafunga viatu vya shimoni. Vilikuwa vimepakwa mafuta. Alikuwa ameviandaa bila mimi kujua.

"Uko unaenda wapi?"

"Ku Mutoshi."

"Uliniambia kama nyama inatembea, hutarudia. Nyama inatembea!"

"Inatembea," akasema, bila hasira. "Inatembea bila miye."

Nilimwambia nitaitoa ile mota. Sasa hivi, mbele yake, bisibisi iko mfukoni; nitaitupa chooni, aje alishe moto kwa mkono kama zamani. Nililia kwa sauti, na sijali majirani walisikia nini. Alinishika kichwa kwa mikono miwili, ile mikono iliyokuwa bado inanuka moshi. "Unataka nifanye kazi ya muchezo sawa mutoto? Wakati ule moto ilikuwa inanihitaji, mama. Batu bote balikuwa banajua."

Kisha akaenda.

Mpaka leo anaenda. Anarudi jioni, anaoga, anakula, anasifu nyama. Jiko halijawahi kusimama tena. Ile mota ni nzima, inaguna na kupumzika, inaguna na kupumzika, na mimi niliyeiweka sina la kufanya mbele yake ila kungoja. Kutwa nzima pikipiki za teksi, ndizo zinazoleta habari mbaya za shimoni, zinapita mbele ya ua wetu. Zinazokwenda kasi sizijali. Moja ikipunguza mwendo, nimeshasimama.