Bima Yangu Imekwama Kwenye Mizani ya Pamba

Mhariri, jina langu naomba ulifiche, maana hapa Igoma nimeshachekwa vya kutosha. Nina miaka thelathini na minane, mama wa watoto watatu. Ni fundi cherehani, au niseme nilikuwa, kwa sababu miguu haikubali tena kukanyaga pedeli. Mimi ni mnene, wasomaji, na si ule unene wa kusifiwa harusini. Nikitoka chumbani kwenda jikoni napumzika njiani, na nalala nimekaa ili nipate pumzi.

Mume wangu anafanya kazi kiwanda cha minofu ya samaki. Walipokuja wenye kiwanda wapya, wafanyakazi walikatiwa bima ya matibabu, na sisi wake zao tumo. Nililia kwa furaha. Daktari alikuwa ameshaniambia moyo unaelemewa, natakiwa nikatibiwe uzito Nairobi, na bila bima tusingethubutu hata kuuliza.

Watu wa bima wakataka kwanza uthibitisho wa kilo zangu. Mizani ya hospitali ikafika mwisho, ikagota. Nesi akasema, "Mama, hii haikuwezi." Basi mume wangu, kwa huruma yake, akanipeleka Magu kwa binamu yake anayenunua pamba kwa niaba ya kampuni binafsi. Nikapandishwa pale wanapoweka magunia, wakulima wamejipanga wananitazama. Mzee mmoja, ambaye nilikuwa nimemwamkia shikamoo vizuri tu, akapaza sauti, akiniita mama kwa Kisukuma: "Mayu, wewe ni pamba safi! Fifi, ile pamba chafu, haiwezi kuwa na uzito huu!" Wakaangua kicheko. Mume wangu naye alicheka kidogo. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Tulipopeleka jibu, karani wa bima akatikisa kichwa. "Mizani ya pamba? Hizo si ndizo zinazowaibia wakulima? Hatuziamini."

Nikamwambia, "Baba, zinaiba kwa kupunguza. Kumbe mimi nimezidi hapo!"

Hakucheka. Akanijibu kwa upole kabisa, "Mama, ukianguka ukalazwa, tutalipa."

Siku hizi mume wangu hataji tena Nairobi. Akitoka kazini ananiletea mapanki ya sangara, ile mifupa inayobaki minofu ikishatolewa, anapika mchuzi mwenyewe, ananiambia, "Kula, mama Neema. Mungu yupo." Nami nakula, huku machozi yananitoka.

Nishaurini, ndugu zangu. Kuna mizani gani nchi hii inayoweza kunipima nikaaminiwa? Au nikae hapa mlangoni nisubiri kuanguka, ndipo nitibiwe?